Kiwavi Amekula Mboga na Hakufa: Je, Mboga Hiyo ni Salama?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kwenda sokoni kununua mboga. Huenda umewahi kusikia mazungumzo kama haya:

"Shikamoo, mama. Karibu mchicha."

"Marahaba, mwanangu. Mchicha wako haukupigwa dawa?"

"Haukupigwa, mama. Hebu tazama majani yalivyotobolewa. Kama yangekuwa na sumu, wadudu wangekula?"

Mama anatazama. Anaona matundu. Anaona hata kiwavi mmoja mdogo wa kijani. Anaridhika. Ananunua mafungu mawili na kwenda kuwapikia watoto wake.

Je, mama huyu amefanya vizuri? Je, kiwavi anaweza kutupimia sumu? Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya jambo hili. Soma polepole. Kama mko kikundi, someni kwa sauti, kisha mjadiliane.

UKWELI ULIOMO KATIKA MANENO HAYO

Maneno ya muuza mboga si uongo mtupu. Dawa ya wadudu imetengenezwa ili iue wadudu. Kama mchicha umepuliziwa dawa jana, kiwavi akiula leo huenda atakufa. Basi kiwavi mzima juu ya jani ni dalili kwamba pengine jani hilo halikupuliziwa karibuni. Ni dalili tu. Si ushahidi kamili, maana wapo wadudu ambao wamekwisha kuizoea dawa.

Lakini iko sumu nyingine. Sumu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya wadudu. Haina harufu katika mboga. Haibadilishi ladha ya mboga. Mara nyingi jani lenye sumu hiyo huwa la kijani, limenawiri na linapendeza. Sumu hiyo ni madini mazito.

MADINI MAZITO NI NINI?

Madini mazito ni madini kama risasi, zebaki, kadimi, nikeli, zinki na shaba.

Tunaposema risasi hapa hatusemi risasi ya bunduki tu. Tunasema ile metali laini, ya rangi ya kijivu, iliyo nzito sana. Wavuvi wanaijua. Ndiyo wanayotengenezea chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mishipi na nyavu. Imo pia ndani ya betri za magari.

Zebaki ni ile metali inayotiririka kama maji. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kunasa dhahabu. Kadimi imo katika betri za aina fulani, katika rangi fulani, na hupatikana pamoja na zinki machimboni.

Miili yetu inahitaji zinki na shaba kwa kiasi kidogo sana. Zikizidi zinadhuru. Lakini risasi, zebaki na kadimi hazina kazi yoyote katika mwili wa binadamu.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: madini hayaozi. Jani likianguka chini litaoza na kuwa mbolea. Mti ukianguka utaliwa na mchwa. Hata dawa nyingi za wadudu huvunjika polepole kwa jua na mvua. Risasi haivunjiki. Risasi iliyomwagika shambani mwa babu itamkuta mjukuu pale pale.

MADINI HAYA YANAFIKAJE SHAMBANI?

Njia ni nyingi. Tutazame baadhi yake.

Kwanza, machimbo. Mawe yakisagwa ili kutoa dhahabu, shaba au zinki, unga unaobaki hurundikwa chini. Wachimbaji wetu huuita marudio. Upepo hupeperusha vumbi la marudio. Mvua huyachukua na kuyapeleka mabondeni, kwenye mashamba na visima.

Pili, betri za magari. Watu huzivunja ili kupata risasi. Huyeyusha risasi hiyo juu ya moto uani. Moshi na majivu huanguka kwenye bustani ya jirani.

Tatu, majitaka ya viwanda na gereji. Yakiingia mtoni, na mkulima akachota maji ya mto huo kumwagilia mboga, madini huingia bustanini. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya wataalamu waliopima mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Msimbazi na Sinza, jijini Dar es Salaam. Walikuta risasi na kadimi ndani ya mboga hizo.

Nne, petroli ya zamani. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya namna hiyo ilipofika mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Lakini risasi iliyotoka katika moshi wa magari ya zamani bado imo katika udongo wa kando ya barabara kubwa.

Kutoka kwenye udongo, madini huingia katika mmea kwa mizizi. Tena vumbi hutua juu ya majani. Kwa kawaida mboga za majani hubeba madini mengi kuliko matunda kama nyanya. Viazi na karoti hubeba udongo wenye madini katika maganda yake.

MDUDU AKILA JANI LENYE MADINI

Sasa tumrudie kiwavi wetu. Amekula jani lenye madini. Je, atapatwa na nini?

Jibu ni kwamba inategemea. Inategemea ni mdudu gani, ni madini gani, na ni kiasi gani.

Wadudu wengine hudhurika. Hukua polepole. Hutaga mayai machache. Wengine hufa. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walichapisha taarifa ya jaribio walilofanya kwa viwavi wa kabichi. Waliwalisha majani ya mmea unaokusanya nikeli nyingi. Viwavi waliolishwa majani yenye nikeli nyingi walikufa.

Lakini wadudu wengine hawadhuriki kwa urahisi. Tumbo la mdudu lina njia zake za kujikinga. Madini mengi hupita moja kwa moja na kutoka pamoja na kinyesi. Mengine hufungiwa katika vichembe vidogo ndani ya utumbo, mahali ambapo hayawezi kumdhuru. Mdudu anapojivua gamba ili akue, huweza kutupa sehemu ya madini pamoja na gamba hilo.

Chukua mfano wa Afrika Kusini. Katika mkoa wa Mpumalanga kuna udongo wenye nikeli nyingi ya asili. Nikeli hiyo haikuletwa na mtu. Hapo huota mmea wenye maua ya njano ambao wataalamu huuita Berkheya coddii. Mmea huu hufyonza nikeli kupita kiasi. Katika kilo 1 ya majani yake makavu huweza kukutwa gramu 10 za nikeli, au hata zaidi. Wadudu wengi wangekufa wakila majani hayo. Lakini yupo mbawakawa mmoja mdogo ambaye chakula chake ni mmea huo. Anakula, anashiba, anataga mayai, anazaa. Nikeli nyingi anaitoa nje pamoja na uchafu wa mwili wake.

Umeona? Kiwavi wa kabichi alikufa kwa nikeli. Mbawakawa wa Mpumalanga anastawi juu ya nikeli. Ukimwuliza wa kwanza atakuambia, "Ni sumu." Ukimwuliza wa pili atakuambia, "Ni chakula." Basi utamwamini nani?

WADUDU HUZOEA

Liko jambo la pili. Wadudu huzaana upesi. Kizazi kimoja cha wadudu huweza kuisha kwa wiki chache tu. Wakipatwa na sumu, wanyonge hufa, na wachache wenye nguvu hubaki. Watoto wa hao waliobaki hurithi nguvu za wazazi wao. Baada ya miaka, shamba hujaa wadudu wasioijali sumu ile.

Jambo hili lilitokea katika mashamba ya matufaha huko Marekani. Tangu mwaka 1892 Wamarekani walianza kutumia dawa iliyotengenezwa kwa risasi na aseniki. Aseniki nayo ni sumu kali. Wakulima waliipulizia miti ya matufaha ili kumwua kiwavi anayetoboa tunda na kuishi ndani yake.

Mwanzoni dawa ilifanya kazi. Baadaye wakulima waliona kwamba lazima wapulizie mara nyingi zaidi kila mwaka. Katika miaka ya 1920 viwavi wa jimbo la Colorado walilinganishwa na viwavi wa jimbo la Virginia. Viwavi wa Colorado waliweza zaidi kuingia katika matunda yaliyopuliziwa. Walikuwa wamezoea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima waliiacha dawa hiyo na kutumia nyingine mpya. Mwaka 1988 ilipigwa marufuku kabisa nchini Marekani. Lakini risasi na aseniki hazikuondoka. Katika jimbo la Washington, magharibi mwa nchi hiyo, bado zimo katika udongo wa mashamba ya zamani ya matufaha. Mahali pengine mashamba hayo yamegeuka kuwa viwanja vya nyumba na shule. Serikali ya jimbo hilo inalazimika kuwaonya wananchi wasiwaache watoto wachezee udongo huo.

Hili ni funzo kubwa. Watu walimwaga sumu ili wamshinde kiwavi. Kiwavi alizoea. Udongo haukusahau. Anayedhurika sasa ni mtoto wa binadamu, maana mtoto wa binadamu hazoei risasi.

RAFIKI ZETU NAO WANADHURIKA

Si wadudu wote shambani ni adui. Unamjua yule mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni? Huyo ni rafiki wa mkulima. Yeye hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa kunde, maharage na kabichi.

Kidukari akifyonza utomvu wenye madini, naye huyabeba. Rafiki yetu akimla kidukari, huyapokea. Wataalamu wamefuatilia safari hiyo kutoka udongo hadi mmea, kutoka mmea hadi kidukari, na kutoka kidukari hadi mdudu anayemla. Waliona kwamba baadhi ya madini hupungua njiani, lakini mengine, kama zinki, huweza kuongezeka kila yanapopanda ngazi.

Basi mkulima asifurahi akisikia kwamba madini huua wadudu. Huweza kumdhuru rafiki na kumwacha adui.

KUTOKA KWA MDUDU HADI KWA KUKU

Sasa tupande ngazi nyingine. Nani hula wadudu nyumbani kwako? Kuku.

Reli ya TAZARA inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, Zambia. Ukitoka Kapiri Mposhi kwa barabara kwenda Lusaka, utapita mji unaoitwa Kabwe. Hapo palikuwa na mgodi mkubwa wa risasi na zinki. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1900, ukafungwa mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, lakini marudio yalibaki. Vumbi lilibaki. Risasi ilibaki katika udongo wa mitaa iliyo jirani.

Mwaka 2013 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima kuku wa Kabwe. Kuku wa kienyeji wanaochokora karibu na mgodi walikuwa na risasi nyingi, hasa katika maini na figo. Kuku wa kisasa wanaofugwa bandani walikuwa na kidogo. Kwa nini? Kuku wa kienyeji hudonoa ardhini. Hula mchanga, majani, mchwa, panzi na viwavi. Kila kilichomo katika udongo humfikia.

Na watoto je? Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kupima damu ya watoto 246 wa mitaa ya karibu na mgodi huo, wote wa umri usiozidi miaka 7. Watoto wote walikutwa na risasi katika damu kuliko kiwango kinachohitaji hatua. Hakusalimika hata mmoja. Sehemu kubwa ya risasi hiyo ilitokana na udongo na vumbi. Watoto hucheza chini, kisha hutia mikono mdomoni.

KUTOKA KWA PANZI HADI KWA MTOTO

Safari nyingine ni fupi zaidi, maana kuna watu wanaokula wadudu wenyewe. Hapa kwetu, ndugu zetu wa Kagera hula senene. Waganda nao hula senene. Ni chakula kizuri chenye protini na mafuta.

Nchini Mexico, katika jimbo la Oaxaca, watu hula panzi. Panzi hao hukamatwa katika mashamba ya mahindi na ya majani ya mifugo. Hukaangwa kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Watu wa Oaxaca waliohamia California, Marekani, walikuwa wakitumiwa panzi hao na jamaa zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, waganga katika eneo la Monterey, California, waliona watoto wengi wenye risasi katika damu. Walichunguza vyakula wanavyokula. Panzi kutoka Oaxaca walikutwa na risasi nyingi. Mwaka 2003 serikali ya California ilitangaza onyo juu ya panzi hao. Wachunguzi walitazama vyanzo zaidi ya kimoja: taka za machimbo, na pia vyungu vilivyong'arishwa kwa rangi yenye risasi.

Hatusemi kwamba senene wa Kagera wana risasi. Wala hatusemi uache kula senene. Tunasema jambo moja: panzi wale walikuwa wazima kabla ya kukamatwa. Walikuwa wakiruka na kula. Hakuna aliyewatazama na kusema, "Hawa wanaumwa." Uzima wa mdudu haukuonyesha sumu iliyomfikia mtoto.

RISASI INAMFANYIA NINI MTOTO?

Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza. Huweza kusahau upesi, kukosa utulivu au kuwa mkorofi bila sababu. Mwalimu humwita mvivu. Mzazi humchapa. Kumbe amelishwa sumu.

Risasi pia hupunguza damu, huumiza tumbo na kuleta kufunga choo. Ikizidi sana huleta degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 mamia ya watoto walikufa kwa risasi. Wazazi wao walikuwa wakisaga nyumbani mawe ya dhahabu yenye risasi.

Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Mtu mzima naye hapati nafuu. Risasi hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Kadimi huharibu figo na mifupa. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, usiogope na kuacha kula mboga. Mboga ni afya. Tunalotaka ni mboga iliyoota katika udongo safi. Fanya haya:

1. Uliza mboga imelimwa wapi. Usiulize tu kama imepigwa dawa. Ukijua mahali, umejua mengi.

2. Usilime mboga penye marudio, kando ya mwalo wa kusafishia dhahabu, penye dampo, karibu na gereji, au mahali palipovunjiwa betri. Usimwagilie kwa maji yanayotoka sehemu hizo.

3. Usivunje betri ya gari wala kuyeyusha risasi nyumbani. Usitupe betri za tochi bustanini au shimo la mbolea. Usizichome.

4. Usijaribu kuua wadudu wa shambani au ghalani kwa maji ya betri au unga wa betri. Huo ni kumwaga sumu isiyokwisha. Okota viwavi kwa mkono, tumia majivu safi ya kuni au majani ya mwarobaini, na mwulize bwana shamba au bibi shamba wako.

5. Osha mboga vizuri kwa maji safi zaidi ya mara moja, ili kuondoa vumbi. Menya viazi na karoti. Lakini kumbuka, kuosha huondoa yaliyo juu ya jani tu. Yaliyo ndani hayatoki. Wala moto hauyaui. Chemsha utakavyo, risasi itabaki risasi.

6. Kama unaishi karibu na machimbo, fuga kuku katika uzio au banda penye udongo safi. Wape chakula na maji safi. Usiwape watoto maini na figo za kuku wanaochokora penye marudio.

7. Mchimbaji avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Asichome zebaki jikoni wala uani.

8. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Wasicheze juu ya marudio.

9. Mtoto asikae na njaa. Tumbo tupu hufyonza risasi nyingi zaidi. Chakula chenye madini ya chuma na chokaa, kama maharage, dagaa na maziwa, husaidia mwili kuzuia risasi isiingie kwa wingi.

10. Kama una wasiwasi juu ya mtoto wako, mpeleke kituo cha afya. Mweleze mganga mnaishi wapi, mnafanya kazi gani na kama kuna betri au marudio karibu. Asipoambiwa hawezi kujua. Damu ndiyo hupimwa kujua risasi.

Kama shamba la kijiji limekwisha kuchafuka, peleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Ombeni udongo na maji yapimwe. Wakati mnasubiri, hamisheni bustani za mboga. Mahali penye shaka pandeni miti ya mbao au ya kivuli, ili udongo ufunikwe na vumbi lipungue. Asiye na mahali pengine atengeneze tuta la juu kwa udongo safi ulioletwa kutoka mbali.

TUMALIZE

Turudi sokoni. Yule mama hakukosa kwa kutazama mchicha. Aliwajali watoto wake. Kosa ni kwamba alimwuliza kiwavi swali ambalo kiwavi hawezi kulijibu.

Kiwavi huishi siku chache. Hula, hutoa uchafu, hujivua gamba, huruka na kwenda zake. Mtoto wako ataishi miaka mingi, na ubongo wake ni mmoja tu. Risasi isiyomwua kiwavi huweza kumpotezea mtoto masomo yake.

Wiki ijayo ukienda sokoni, uliza swali jipya: "Mwanangu, mchicha huu umelimwa wapi? Mmemwagilia maji ya wapi?"

MANENO YA KUJIFUNZA

Kadimi: metali yenye sumu inayopatikana pamoja na zinki.
Kufyonza: kuvuta ndani, kama mzizi unavyovuta maji.
Marudio: unga wa mawe unaobaki baada ya kutoa madini.
Zebaki: metali inayotiririka kama maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kiwavi mzima juu ya jani si ushahidi kwamba jani halina risasi?
2. Eleza safari ya risasi kutoka udongo hadi kwa mtoto. Taja njia mbili.
3. Wakulima wa matufaha walimwaga risasi ili kumwua kiwavi. Nini kilitokea kwa kiwavi? Nini kilitokea kwa udongo?
4. Katika kijiji chenu, betri zilizokwisha hutupwa wapi? Mtafanya nini juu ya jambo hilo mwezi huu?